Pesa ya Itike

Siku maharage yaliposhuka mpaka franga elfu mbili kilo moja, Pili alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la Benki Mavuno pale Muyinga, kikapu kwapani, kitambulisho mkononi. Wenzake ishirini na mmoja walikuwa wamebaki sokoni na magunia matupu. Kila mmoja alishamshika mkulima wake na kumwambia asiuze kwa mtu mwingine, pesa inakuja sasa hivi.

"Leo hatutoi, tanti," alisema Rachid, aliyekuwa mkuu wa tawi. Walikuwa wa mtaa mmoja, ndiyo maana alimwita tanti, yaani shangazi. Mama yake Rachid alikuwa akinunua ndagala, dagaa wa Tanganyika, kwa Pili toka zamani.

"Hamtoi kiasi gani?"

"Hatutoi. Banki iko na problemu. Imetoka barua Gitega, makao makuu: akonti zote zifungwe mpaka wanachama wafanye mkutano."

"Mi sikuweka pesa Gitega. Niliweka hapa, kwako. We mwenyewe ulihesabu, ukalamba kidole, ukahesabu tena."

Waliokuwa nyuma walicheka, lakini kicheko chao hakikufika mbali. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya aliuliza kama hata pesa ya mazishi imefungwa. Rachid akamjibu kwamba marehemu atavumilia, kisha akaona neno lilivyomponyoka, akainamisha uso kwenye karatasi zake.

Pesa ile haikuwa ya Pili. Ilikuwa ya wanawake ishirini na wawili, yeye akiwemo, kila mmoja franga laki moja na elfu themanini. Walikuwa wakinunua maharage wakati wa mavuno, wanayaweka kwenye stoo nyuma ya nyumba ya Pili, wanangoja mwezi wa kumi bei ipande. Mwanzoni walitaka kufungua akaunti kwa jina la chama. Wakaambiwa chama lazima kiwe na karatasi, na karatasi ilitaka safari, na safari ilitaka mihuri, na kila muhuri ulikuwa na bei yake. Rachid mwenyewe ndiye aliyewashauri waweke kwa jina la mtu mmoja, mambo yaishe. Wakamchagua Pili kwa sababu kitambulisho chake hakikuwa na kasoro na mume wake hanywi pombe.

Milioni tatu, laki tisa na elfu sitini. Kwenye kitabu cha benki ilikuwa ya Pili binti Kassimu, peke yake.

Alirudi sokoni kwa miguu mizito. Alipotokea kwenye kona ya wauza chumvi wenzake walianza kukunjua magunia. Alipofika karibu wakaacha.

"Juu ya nini uko na kikapu kitupu?" aliuliza Imelda. Huyu alikuwa amesoma mpaka darasa la kumi, na ndiye aliyekuwa akiandika daftari lao.

Pili akawaeleza. Wakulima walisikiliza kidogo, wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakasogeza mizigo yao upande wa lori lililokuwa linatoka Kobero, mpakani, na hapo tajiri mmoja alikuwa akilipa taslimu.

Gaudensia wa Gashoho ndiye aliyemfuata Pili mpaka pembeni. Alikuwa amekulia Tanzania, kambini, na mpaka leo Kiswahili chake kilinyooka kama cha mwalimu.

"Mwenzangu," alisema, "mimi niliuza mbuzi wawili. Hawakuingia benki kwa miguu yao. Niliwaleta kwako."

"Najua, Gaudensia."

"Ujue vizuri."

* * *

Athumani, mume wa Pili, alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, na radio ndogo ilikaa juu ya meza ya cherehani, ikitetemeka kila anapokanyaga. Siku ya nne aliacha kukanyaga ili asikie vizuri.

"Mama Yasmina! Njoo! Serikali imeipa banki yenu bilioni kumi na nne. Ya kuiokoa isife."

Pili alitoka jikoni na mikono yenye unga. "Basi watatulipa?"

"Wamesema iko imeokolewa."

"Banki imeokolewa. Na sisi?"

Athumani alikata uzi kwa meno. "Hawajafika hapo."

"Na serikali imetoa wapi bilioni kumi na nne, Baba Yasmina?"

"We unanunua sukari?"

"Ikipatikana."

"Unanunua sabuni? Unalipa ushuru wa meza sokoni? Basi ni huko. Umeikopesha banki mara ya kwanza, ikala. Sasa umeikopesha mara ya pili, na hata hawakukupa risiti."

Alisema hivyo kama mzaha, lakini mkewe alikaa chini palepale penye vipande vya kitambaa, na unga wake mikononi.

Jioni ile Rachid alipita kusema kwamba kila tawi litapeleka wanachama watatu kwenye mkutano mkuu Gitega, basi la benki litawachukua, na kwa sababu akaunti ya Pili ilikuwa miongoni mwa kubwa za tawi, jina lake limo. Alisema kama anayetoa zawadi. Pili hakulala na furaha, lakini wanawake waliposikia, roho zao zilirudi. Wakaja wote uani. Imelda akamtengenezea swali.

"Usizunguke. Usisalimie sana. Sema: pesa zetu tutazipata siku gani, na nani alizikula? Basi. Ukae chini."

"Na wakiniuliza mi ni nani?"

"Sema uko wanawake ishirini na wawili."

Akalirudia swali lile akiosha sahani, akilirudia akisuka ukili, akilirudia ndani ya basi mpaka jirani yake, mkulima mmoja mwenye umri, akamwomba alirudie kimoyomoyo.

* * *

Ukumbi wa Gitega ulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe mgongoni kama maharusi. Pili alikalia ncha tu, asije akakichafua. Mbele walikaa wakubwa wa benki, saba, na katikati yao direkta mkuu, mtu mnene, mwenye sauti laini inayokuomba radhi kabla hajakukosea.

Ripoti ilisomwa kwa Kifaransa muda wa saa nzima na zaidi. Baada ya kila kurasa kadhaa kijana mmoja alisimama akatafsiri kwa Kirundi: hali ilikuwa mbaya, sasa ni nzuri. Kurasa nyingine kadhaa. Kulikuwa na dhoruba, nahodha hakuacha usukani. Watu walipiga makofi, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya mkubwa akimaliza kusema. Hata padri akitangaza siku ya kuzoa taka hupigiwa.

Pili aliinua mkono. Akaushusha. Akauinua tena, na safari hii msichana mwenye kipaza sauti alimwona.

"Mi natoka Muyinga," alianza kwa Kiswahili, na safu za nyuma zikaanza kuchekacheka. Mtu akasema, "Wa sokoni huyo." Akahamia Kirundi, akalitoa swali lote kama alivyofundishwa: siku gani, na nani alizikula.

Halafu nyuma kabisa mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata kumi, wakafuata mia. Na direkta mkuu naye akapiga, akitabasamu, akitikisa kichwa.

"Mama wa Muyinga amesema kwa uchungu wa mzazi," alisema. "Nimeupenda ujasiri wake. Andikeni swali la mama. Litajibiwa kwenye mambo mengineyo."

Wasichana wawili waliandika. Pili akakaa, na mkulima wa kwenye basi akampa mkono. Alijiona amefanya kitu kikubwa. Kusema kweli alikuwa amekifanya, ila kitu chenyewe hakikuwa na pa kwenda. Mambo mengineyo hayakufika. Ilipofika saa nane harufu ya brosheti, mishikaki ya mbuzi, iliingia ndani, mwenyekiti akasema tumbo nalo ni mwanachama, watu wakacheka, wakasimama.

Nje palikuwa na meza tatu. Mtu haondoki mkutanoni bila pesa ya itike, nauli ya kurudia kwake, na hapati itike bila kusaini. Pili alikuwa amesaini hivyo maisha yake yote: mkutano wa chanjo, wa mbegu, wa vyandarua, wa amani. Karatasi ina mistari, unatafuta mstari wako, unaandika jina, unaweka saini, unapewa. Sijaona mtu hata mmoja, kutoka Kobero mpaka Bujumbura, anayesimama kusoma karatasi ya itike.

Meza ya kwanza ilikuwa ya mahudhurio. Ya pili ya chakula. Ya tatu, ya itike, karatasi zake zilikunjwa kichwa kikiwa nyuma ya ubao, ikionekana mistari tu na namba. Pili aliandika polepole, herufi moja moja, maana mwandiko wake ndiyo shule pekee aliyobaki nayo.

"Mama, unaandikia mchumba?" aliuliza mwanamke wa nyuma yake. "Tuna njaa sisi."

Akacheka, akaweka saini, akapewa bahasha ya franga elfu thelathini. Nauli ilikuwa imelipwa na benki kwenda na kurudi. Aliikunja bahasha akaisokota kwenye pindo la kanga, na njiani kote aliisikia ikimgusa kiunoni. Alipofika nyumbani alinunua mchele, mafuta na dawa ya kikohozi ya mtoto wa mwisho. Kwa wenzake alieleza habari ya swali, ya makofi, ya wasichana walioandika. Habari ya bahasha hakueleza.

* * *

Baada ya wiki mbili radio ikasema. Wanachama wa Benki Mavuno, katika mkutano wao, wamekubali kwa kauli moja kuwapa wakubwa saba primu, yaani tuzo ya kazi nzuri, kwa kuiokoa benki katika wakati mgumu. Direkta mkuu peke yake, milioni mia moja na themanini.

Muyinga yote ilishuka kwenye mlango wa benki. Wauza mafuta ya mawese walikuja na madumu yao, waendesha baiskeli walikuja na baiskeli zao, hata wasiokuwa na akaunti walikuja kwa sababu ya sukari na sabuni. Mlinzi, Matata, alikuwa amefunga geti na kusimama ndani yake kama mfungwa. Ukutani palibandikwa karatasi tano.

"Nani alikubali?" watu walikuwa wakiuliza. "Nani huyo kauli moja?"

Imelda alipenya mbele akaanza kusoma kwa sauti, akitafsiri. Ripoti imekubaliwa. Primu imekubaliwa. Wenye akaunti watalipwa sehemu, kwa awamu, kwa utaratibu utakaopangwa na direksioni. "Na hapa wameweka majina ya waliosaini kukubali." Kidole chake kikashuka. Kikasimama. Kikarudi juu kidogo, kikashuka tena palepale.

"Mama Yasmina," aliita bila kugeuka. "Namba arobaini na moja. Hii haiko mwandiko wako?"

Pili alisogea. Herufi zilikuwa zake, nzuri, za duara, zimesimama wima kuliko za watu wote.

"Ni ya itike," alisema. "Mi nilisaini itike."

"Itike gani? We si ulisema banki ililipa basi?"

Hapo Pili alielewa kwamba hata aseme nini, limekwisha. Imelda alimtemea mate miguuni. Hayakumgusa. Lakini alimtemea, mbele ya Muyinga yote.

* * *

Walimfuata mpaka nyumbani, wote ishirini na mmoja. Athumani alipowaona alisimama, akafunika cherehani kwa kitambaa, akabaki ameweka mkono juu yake.

"Karibuni. Ila mashine hii iko yangu, haiko ya banki."

"Na milioni nne kasoro zilikuwa za nani?" alijibu mmoja.

"Hatukuja kwa mashine, shemeji," alisema Gaudensia. "Tumekuja kumuuliza dada yetu bei. Alituuza kwa kiasi gani?"

Pili angeweza kusema uongo. Mumewe alimtazama kana kwamba anamwomba auseme. "Elfu thelathini," alisema.

"Jamani," alisema Gaudensia polepole. "Hata mbuzi mmoja hafiki."

"Sikujua. Naapa kwa Mungu mnayemwabudu na ninayemwabudu, sikujua. Karatasi ilikunjwa. Hata wewe ungesaini, Imelda, na darasa lako la kumi. Ungeikuta njaa na mstari mtupu na namba, ungesaini."

"Ningesoma."

"Lini umesoma karatasi ya itike? Niambie siku moja."

Swali hilo ndilo lililomkasirisha Imelda zaidi. "Toa hiyo pesa," alisema.

Ilikuwa imebaki elfu kumi na moja. Pili aliitoa kwenye kopo, Imelda akaihesabu, akagawa kichwani, akamtuma mmoja dukani kuivunja. Kisha akapita kwa kila mwanamke uani, mia tano, mia tano, mia tano, jina na alama kwenye daftari. Alipomaliza alikuwa na noti moja mkononi. Akamnyooshea Pili.

"Na we chukua. We si mwanachama?"

Pili aliipokea. Asingeweza kuikataa mkono ukiwa umenyooshwa hivyo. Walipoondoka Athumani alivua kitambaa kwenye cherehani, akakaa, akaweka mguu kwenye pedali, asikanyage.

Kuanzia siku ile hakuna aliyenunua ndagala mezani kwake. Watu walipita, wakaangalia samaki, wakaangalia juu ya kichwa chake, wakaenda meza ya pili. Rachid, ambaye alijua kila kitu, alipita kwa pikipiki mpya na kupunga mkono.

* * *

Mwezi wa nane ukiwa unaisha, Rachid alimwita. Ukumbi wa benki ulikuwa umepakwa rangi.

"Tanti, nimekupigania. Gitega wameanza na wanachama wenye kuelewa. Utapata asilimia thelathini, leo, cash. Weka saini tu."

Karatasi iliteleza juu ya kaunta, na kalamu ikaifuata.

"Nisomee."

"Ni formalite, tanti."

"Nisomee, Rachid. Hapana. Ngoja." Akatoka nje. Akamtuma mwendesha baiskeli sokoni, na baada ya nusu saa wanawake wakaja, si kwa ajili yake, kwa ajili ya neno pesa. Matata aliwazuia getini: mwenye akaunti tu. Basi Pili akaichukua karatasi mpaka getini, Rachid akimfuata akimwambia haitoki nje, haitoki nje, na Imelda akaisoma kupitia vyuma.

Mwanachama anapokea asilimia thelathini. Kwa kupokea, anakiri kwamba haidai benki kitu kingine chochote, sasa wala baadaye. Mwanachama anaishukuru direksioni.

"Basi sisaini," alisema Pili.

Alifikiri watamshangilia. Alikuwa ameishi na siku hiyo kichwani miezi miwili: siku watakayoona kwamba hata saini yake inaweza kukataa.

"Asiyesaini leo anarudi mwisho wa orodha," alisema Rachid nyuma yake. "Mwakani, labda. Na mi sisemi kama mwakani tutakuwa hapa."

Wanawake walitazamana. Maharage yalikuwa yamefika elfu tatu na mia nne.

"Saini," alisema mmoja.

"Mmesikia alichosoma? Yote itakuwa imekwisha. Tutakuwa tumewapa."

"Mama Yasmina, saini."

"Gaudensia, we sema."

Gaudensia alikuwa ameshika vyuma vya geti kwa mikono miwili. "Shambani kwangu sina mbegu hata moja. Mwezi ujao mvua ikinyesha nitapanda nini? Hasira?"

Pili alimgeukia Imelda. "We ulinitemea mate kwa saini."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Imelda alimrudishia karatasi kupitia vyuma. Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso wake kubadilika. "Saini," alisema.

"Basi sote. Tusaini sote ishirini na wawili, kesho asiwepo wa kuniuliza."

"Mstari uko mmoja, tanti," alisema Rachid.

Akasaini. Safari hii hakujali herufi.

Milioni moja, laki moja, themanini na nane elfu. Pili alizitoa getini, Imelda akagawa pale pale chini: hamsini na nne elfu kila mtu, ambayo kwa bei ya siku ile haikufika kilo kumi na sita. Kila aliyepata alifunga pindo akaondoka kwa kasi, karibu kukimbia, kuwahi mbegu kabla wauzaji hawajasikia kwamba pesa imetoka. Hakuna aliyesema asante na hakuna aliyemtukana. Gaudensia alimgusa bega, au alimkumba tu akipita, haikujulikana.

Pili alirudi ndani kuchukua kitambulisho chake. Rachid alikuwa amekiweka juu ya kalenda mpya, yenye picha ya wakubwa saba wamesimama mbele ya jengo la Gitega.

"Ni zawadi, kwa wanachama wazuri," alisema, na kusukuma karatasi nyingine. "Na hapa kidogo tu, tanti. Ya kuonyesha umepokea kalenda."

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, mistari mingi, na mwisho wake nafasi ya jina. Pili aligeuka kumtafuta Imelda amsomee. Getini hapakuwa na mtu, isipokuwa Matata, anafunga.